Mgeni na Masharti ya Mwenyeji

Katika safu ya milima ya Himalaya, baina ya India na Uchina, ipo nchi ndogo iitwayo Bhutan. Ilianza kupokea watalii mwaka 1974, nayo haikuufungua mlango wote. Wageni wengi hutozwa ada kwa kila siku wanayolala humo; mwaka 2022 ilipandishwa hadi dola 200 za Marekani, na mwaka uliofuata ikashushwa hadi 100. Fedha hizo husaidia elimu na tiba ya raia. Kilele chake kirefu kabisa, Gangkhar Puensum, chenye mita 7,570, hakuna aliyepata kufika juu yake, na sheria sasa inakataza kupanda milima. Wenyeji huitakidi kuwa vilele ni makao ya mizimu. Itikadi hiyo si yetu. Lakini tuitazame jirani yake Nepal, ambako taka za wapandaji wa Everest zimekuwa habari ya dunia nzima.

Msomaji wa Bukoba au Muleba atauliza, Himalaya inatuhusu nini? Inatuhusu, kwani mlango wetu nao unafunguliwa. Mwaka 2019 Kagera ilipata hifadhi za taifa: Ibanda-Kyerwa, Rumanyika-Karagwe, na Burigi-Chato inayofika hadi Muleba na Geita. Wageni bado hawajawa wengi kama wa Serengeti, na mwenyeji mwenye busara hupanga masharti yake kabla baraza halijajaa.

Lakini atapangaje masharti asiyejua alicho nacho? Pale Katuruka, Bukoba Vijijini, mtafiti Mmarekani Peter Schmidt alichimba miaka ya 1970 akakuta mabaki ya uyeyushaji chuma wa kale, wa takriban miaka 2,000. Hakupaota. Wazee ndio waliompeleka, kwa masimulizi yao juu ya makao ya Mfalme Rugomora Mahe. Kisha likaja janga la ukimwi, ambalo wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Sihitaji kulieleza, kila kibanja kina makaburi yake. Wengi waliojua masimulizi walizikwa nayo, na vijana ambao wangeyapokea walizikwa pia. Ndipo wanakijiji wa Katuruka wakaanza kuhojiana wenyewe, wakawaendea na akina bibi, ambao utafiti wa awali uliwapita. Nao ndio waliokuwa na mengi.

Najua baadhi yetu husita, kwa kuwa masimulizi haya yamechanganyika na matambiko. Kusita huko kuna haki yake. Lakini kujua babu zetu walivyofua chuma si kuyaabudu mawe, na Muislamu anaweza kueleza historia ya mahali bila kushiriki ibada yake.

Linalonitia wasiwasi ni hili: mgeni atakapofika, lazima mtu atamweleza anachokiona, na mwenye kueleza ndiye mwenye kulipwa. Kijana wa Muleba asiyejua kwa nini mgeni wa Wahaya hupewa kahawa ya kutafuna kabla ya mazungumzo, atabaki kubeba mizigo huku mwongozaji kutoka mji mwingine akisimulia habari za bibi yake huyo kijana, tena kwa makosa. Ada nayo itawafuata wenye kampuni.

Wazazi, likizo ijayo wapelekeni watoto kwa babu na bibi zao, si kwa kula senene tu. Simu zetu zina kinasa sauti. Mtoto aanze kwa maswali mepesi: kilima hiki kinaitwaje, nani alipanda mibuni ya kwanza hapa, watu walivukaje ziwa kabla ya meli. Bibi aulizwe peke yake, kwani mbele ya babu huenda akanyamaza.