Ghorofa za Kisii: Nyumba Njema si Mlango

Msafiri aingiaje mjini Kisii siku hizi, awe ametokea Keroka au Suneka, hulakiwa na majumba marefu yaliyosongamana bondeni na kuanza kukwea vilima. Nyamira nako ghorofa zimechomoza kati ya migomba na michai. Wengi husema hayo ndiyo maendeleo, nami siwapingi. Swali langu ni moja tu: kabla ya ramani kuchorwa, ni nani aliyeuliza jinsi Mgusii anavyokaa nyumbani kwake?

Sababu ya kiuchumi iko wazi. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, yaani zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba. Nyamira ilikuwa na watu 605,576. Shamba la babu limegawanywa hadi likawa kitalu. Ardhi ikiadimika, bei hupanda. Na bei ikipanda, mwenye kiwanja hujenga kwenda juu. Msingi ni mmoja na paa ni moja, lakini kodi ni ya ghorofa tano au sita. Kwa kuwa kila futi ina bei yake, ngazi huwa nyembamba, dirisha hutazama ukuta wa jirani, na milango hukodoleana macho.

Wachina wana elimu yao ya kale iitwayo fengshui, maana yake ‘upepo na maji’, ambayo huongoza mahali pa kujenga na upande wa kuelekeza nyumba. Huko Hong Kong, minara mingi haina ghorofa ya 4, kwa sababu neno la nne hukaribiana kimatamshi na neno la kifo. Nambari 8 nayo hutafutwa kwa udi na uvumba, kwani husikika kama neno la kutajirika. Mwanaisimu hana budi kutabasamu: sauti ya neno yapanga bei ya nyumba! Mjenzi mwenyewe si lazima aamini. Yatosha ajue kwamba mnunuzi anaamini. Hapo ndipo mila na soko hupeana mikono.

Je, sisi hatuna letu? Tunalo. Katika Ekegusii, enyomba si jengo tu, bali pia ni mama na watoto wake. Egesaku ni mlango, na papo hapo ni ukoo. Kiswahili nacho huliita tawi la ukoo mlango. Aidha, kuna chinsoni, ile staha baina ya mzazi na mwana, ambayo humkataza baba kuingia katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Sasa mpangishe mzee huyo chumba ghorofa ya tatu, mwanawe na mkewe mlango wa pili, na bafu lao liwe moja. Atastahi vipi?

Watakuwapo watakaosema kwamba mji una desturi zake, na kwamba wapangaji wengi ni wanafunzi na wageni. Ni kweli, wala sidai kila imani ya kale ihifadhiwe. Lakini staha si ushirikina. Waswahili wa Lamu walijenga nyumba za mawe za ghorofa karne nyingi zilizopita, na binti alipoolewa aliweza kuongezewa makao yake juu ya ya wazazi. Hata hivyo, mgeni alikomea kwenye daka, na mlango ulipangwa ili mpita njia asiwaone waliomo ndani. Ghorofa na heshima, basi, si maadui.

Wala upepo na maji si mambo ya Wachina peke yao. Mwezi Aprili 2016, jengo la ghorofa sita lililosimama kandokando ya mto huko Huruma, Nairobi, liliporomoka baada ya mvua kubwa, na watu wapatao 50 wakafa. Mji wa Kisii nao una mto wake, Nyakomisaro, na mvua yetu haina mzaha.

Jambo hili lawagusa walimu moja kwa moja. Tangu sheria ya nyumba za bei nafuu ya mwaka 2024, kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Anayelipa ana haki ya kuuliza anajengewa nini. Sheria ya kupanga matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 yazipa kaunti mamlaka ya kuidhinisha ujenzi. Na zidai, kabla ya kupiga muhuri, mwanga katika kila chumba, umbali wa kutosha kutoka mtoni, milango isiyotazamana, na bafu kwa kila makao.

Mwenye jengo atalalamika kwamba kodi itapungua. Huenda. Lakini Hong Kong yatufunza kuwa soko hufuata kile ambacho wapangaji na wanunuzi wanakithamini. Tukinyamaza, tutapewa vyumba, tukose nyumba. Wahenga walikwisha sema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.