Tamko la Wakaaji wa Mikelenge Kuhusu Mpango wa Ardhi wa Mji wa Kindu

Sisi wakaaji wa komine ya Mikelenge, tuliounganika katika chama chetu cha maendeleo, tunatoa tamko hili kwa Mheshimiwa Gavana wa jimbo la Maniema, kwa Mheshimiwa Meya wa Kindu, kwa viongozi na washauri wa komine zetu tatu, Kasuku, Mikelenge na Alunguli, na kwa ndugu zetu wote wa kingo mbili za Lualaba.

Tunadai jambo moja: ramani itangulie kiwanja. Mji uamue kwanza, tena hadharani, ardhi ipi ijengwe na ipi isijengwe, ndipo viwanja vigawiwe.

Tukikumbuka kwamba Kindu ilikua kama bandari na kituo cha reli. Enzi za Wabelgiji, reli kutoka Kongolo ilikutana hapa na mto, na mizigo ikaendelea kwa maboti hadi Ubundu. Mwaka 1988 Maniema ilipotengwa na Kivu, Kindu ikawa makao makuu ya jimbo. Vita vya 1998 hadi 2003 vikaleta familia zilizokimbia vijiji, na nyingi hazikurudi. Mji umepanuka kuliko walivyodhani walioupanga;

Tukizingatia kwamba sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, lakini amri iliyoahidiwa ya kupanga haki za jamii zinazokaa kwenye ardhi ya kimila haikutoka. Katika pengo hilo mnunuzi hulipa kwa ukoo, akapata karatasi kwa shefu wa kartie, kisha akatafuta kipimo cha kadasta. Ruhusa ya kujenga huja mwisho, kama inakuja, nyumba ikiwa imeshaezekwa. Kila mlango una muhuri wake, na mwananchi aliyelipa kote bado anaweza kujikuta amejenga juu ya njia ya maji;

Tukizingatia pia kwamba hati ya usajili ina nguvu kubwa mbele ya sheria, kiasi kwamba uwanja wa shule au wa soko ukishaandikwa kwa jina la mtu binafsi, kuurudisha ni kazi ya miaka mahakamani. Kinga yake ni mpango unaojulikana na wote kabla kalamu haijashika karatasi;

Tukizingatia kwamba mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 Mto Kongo ulipanda, na kule Kinshasa ulikaribia kilele cha 1961. Mto huo ndio Lualaba unaopita mlangoni petu. Mabonde ya vijito, ambamo mama zetu hulima lengalenga na matembele, ndiyo yanayopokea maji ya mvua ya mji mzima. Yakizibwa kwa nyumba, maji huingia kwa jirani;

Tukitambua kwamba sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inazipa mji na komine uwezo wa kujiendesha, chini ya usimamizi wa gavana. Tunauheshimu usimamizi huo na tunauhitaji, kwa sababu meya peke yake hawezi kuzipatanisha idara za ardhi na za mipango-miji. Lakini kusimamia ni kukagua kama sheria imefuatwa na kama watu wamesikilizwa. Mpango ukiandikwa ofisini na kuletwa kwetu umeshasainiwa, usimamizi huo utakuwa haujatimiza kazi yake.

Kwa hiyo tunaomba:

1. Mpango wa ardhi wa Kindu urekebishwe kwa komine zote tatu pamoja. Alunguli, iliyo ng'ambo ya mto, isiachwe nje ya karatasi.

2. Rasimu ya ramani ibandikwe katika kila ofisi ya komine na ya kartie, ielezwe kwa Kiswahili kwenye mikutano ya hadhara, na maoni ya wakaaji yaandikwe na kujibiwa kabla Mheshimiwa Gavana hajaidhinisha.

3. Kingo za mto, mabonde ya vijito, chemchemi, viwanja vya shule, masoko na makaburi vipimwe na kuwekewa alama kwanza. Mpaka hapo, pasitolewe kiwanja kipya katika maeneo hayo.

4. Washauri wa komine, waliopigiwa kura tarehe 20 Desemba 2023, wajadili mpango huo katika vikao vilivyo wazi. Tuliwachagua kwa kazi ya namna hii.

5. Familia ambazo tayari zinaishi mahali pa hatari zisivunjiwe bila mahali pengine. Kifungu cha 34 cha Katiba kinataka fidia ya haki ilipwe kabla ya mtu kunyang'anywa mali yake kwa manufaa ya umma. Wengi wao walinunua kwa nia njema, mbele ya mashahidi.

Na sisi tunajifunga. Pamoja na wazee wetu wanaokumbuka njia za maji za zamani, tutawaonyesha wapimaji mipaka tunayoijua. Hatutanunua wala kuuza penye alama. Mwanachama wetu akijenga juu ya mfereji, tutakuwa wa kwanza kumwambia abomoe.

Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, nayo yanapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Tamko hili tunalikabidhi kama ombi la namna hiyo. Jibu likifika, la kukubali au la kukataa, tutalisoma mbele ya wakaaji wa kila kartie ya Mikelenge.

Limetolewa Mikelenge, mji wa Kindu, jimbo la Maniema.

Kwa niaba ya wanachama,
Kamati ya Chama