Mwanga wa Kumpigia Picha Buibui

Lenzi ya makro ikisogezwa mpaka buibui atokee kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi, mwanga unaofika humo hubaki robo. Tundu lililowekwa f/8 hufanya kazi kama f/16. Hasara hiyo huwapata zaidi wanaopima mwanga kwa kifaa cha mkononi, kwa sababu kifaa hakijui lenzi imevutwa kiasi gani.

Evarcha culicivora, buibui mrukaji wa kandokando ya Ziwa Victoria anayewinda mbu walioshiba damu, ana urefu wa milimita 5 hivi. Kwa f/8, kwenye sensa ya milimita 36 kwa 24, sehemu inayoonekana kwa ukali haizidi milimita 1: macho ya mbele yanang'aa, miguu ya nyuma tayari imekuwa ukungu. Tundu hufinywa hadi f/11 au f/16. Likifinywa zaidi, picha nzima hulegea. Kwa matundu madogo hivyo jua pekee halitoshi kwa kiumbe asiyetulia, na hapo flashi ndiyo inayobeba kazi. Shata ya 1/200 huzima sehemu kubwa ya mwanga wa mazingira, na mmweko wa nguvu ndogo, ambao huweza kudumu chini ya 1/10000 ya sekunde, humgandisha buibui.

Faida yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Flashi ikiwa imefungwa kwenye kamera na ukubwa wa buibui kwenye sensa usipobadilika, umbali wa kutoka kwenye flashi hadi kwa buibui haubadiliki pia. Nguvu iliyofaa mara moja hufaa tena siku nzima.

Flashi inayojipimia yenyewe haina uhakika huo. Hiyo hutaka kila kitu kiwe cha kijivu. Buibui kaa mweupe akiwa mdogo katikati ya kijani kizito, flashi huongeza mwanga ili kuliinua giza, na buibui huungua. Nywele na mikunjo ya mwili hugeuka bapa jeupe lisilorudi hata kwa programu ya kuhariri. Hapo mwanga upunguzwe. Buibui mweusi juu ya ukuta wa chokaa hutaka kinyume chake, vinginevyo atabaki kama tundu ukutani.

Usuli mweusi nao una sababu yake. Jani lililo mbali na flashi mara 10 kuliko buibui hupata sehemu 1 ya 100 ya mwanga. Jani likisogezwa karibu, rangi hurudi.

Flashi tupu huacha nukta kali katika kila jicho. Karatasi ya kuokea keki, ikitandazwa kati ya flashi na buibui, karibu naye kabisa, huzilainisha.

Dume la Evarcha culicivora lina uso mwekundu, na wekundu huo huweza kuungua huku grafu ya mwanga wa jumla ikionekana salama. Grafu ya kutazamwa ni ile ya rangi nyekundu peke yake.