Moshi wa Bujumbura hauna bomba

Mwaka 1999 Joan Brennecke na wenzake walionyesha kwamba hewa ukaa huyeyuka kwa wingi katika chumvi fulani zilizo majimaji hata kwenye joto la kawaida. Tangu hapo maabara nyingi zimekuwa zikichanganya chumvi hizo, ziitwazo vimiminika vya ayoni, chumvi kwa chumvi au chumvi na maji, ili vipungue mnato na vinase vyema gesi chafu za viwandani. Sifa kubwa ya vimiminika hivyo ni kwamba karibu havitoi mvuke. Ni sayansi nzuri, lakini si tiba ya moshi wa Bujumbura. Kimiminika hunasa gesi iliyokwisha kukusanywa bombani, na moshi wetu haujakusanywa popote. Unatoka kwenye majiko ya mitaa ya Kamenge, Kinama na Buyenzi, maana zaidi ya kaya tisa kati ya kumi nchini Burundi hupikia kuni au mkaa. Unatoka pia kwenye malori ya dizeli yanayopanda kuelekea Bugarama. Tena kinachoumiza sana mapafu ya mama na mtoto jikoni ni chembe za masizi, nazo si gesi.

Wapo watakaotaja Ziwa Kivu. Kule Karongi, Rwanda, mtambo wa KivuWatt wa megawati 26 huondoa hewa ukaa kwenye methani ya kilindini kabla ya kuichoma. Ni kweli, ila kinachoisafisha methani hiyo ni maji ya ziwa. Nazo nchi tajiri bado hutegemea kunasa hewa ukaa kwa kemikali za amini, njia iliyopewa hataza mwaka 1930. Hoja nzito zaidi ni ya kiwanda cha saruji cha BUCECO, Cibitoke, iwapo pale lipo bomba lenye hewa ukaa ya kunasa. Majaribio hapo siyakatai, kwa sharti moja. Kitu kisichogeuka mvuke, kikivuja, huishia udongoni na majini, na vimiminika vingi vya jamii ya imidazoli ni sumu kwa mwani na viumbe wadogo wa majini. Maji ya Cibitoke hushukia Rusizi, na Rusizi huingia Tanganyika, ziwa ambalo maji yake huchukua karne nyingi kubadilika. Humo ndimo shirika la maji la Regideso linamochota maji ya mji, na wavuvi wanamovua ndagala. Atakayeleta mtambo athibitishe kwanza kwamba hakuna tone litakalofika huko.

Fedha za umma ni haba, basi zianzie jikoni. Burundi inagawana na Rwanda na Tanzania megawati 80 za mtambo wa umeme wa Rusumo. Umeme huo umfikie mpishi wa Kamenge kwa bei nafuu kuliko ya gunia la mkaa, na hadi hapo serikali iyaondolee kodi majiko banifu.