Mizani ya Zahanati na Ulimi wa Steji

Katika milima ya Kisii na Nyamira unene una hukumu mbili, na kinachozitenganisha si uzani bali ni nani mwenye mwili. Mwanamume akiota kitambi baada ya kupata cheo au kupanua duka lake pale Keroka, hupishwa viti vya mbele kwenye harambee na kuitwa mheshimiwa. Mkewe akinenepa kwa kadiri ile ile, husemwa kwamba ni mvivu, mlafi, na kwamba jembe limemshinda. Wala si zamani sana watu hao hao walipokuwa wakihofu wembamba: miaka ya 1990, ukimwi ulipokuwa ukiingia nyumba kwa nyumba kote mkoani Nyanza, aliyekonda alinong'onwa na kuepukwa, na mnene ndiye aliyehesabiwa kuwa mwenye siha.

Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2008-09 ulikuta kwamba takriban robo ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliozidi kiasi; ule wa 2014 ulikuta theluthi. Ni muhali kusadiki kwamba katika muda mfupi kama huo wanawake wa nchi nzima walipatana kuwa wavivu. Kilichogeuka ni maisha yenyewe: mashamba ya milima hiyo ya Gusii yamegawanywa baina ya warithi hata yakawa vipande visivyomchosha mkulima wala kumlisha, ugali wa wimbi umeupisha ule wa unga mweupe wa mahindi yaliyokobolewa, na pikipiki humpandisha kilima kwa dakika chache mtu ambaye mamaye alikipanda kwa miguu, mkungu wa ndizi kichwani. Na tusisahau damu, kwani wako waliozaliwa na maumbile ya kunenepa hata wakila kama jirani zao.

Lakini mahali ambapo dharau hii hudhuru zaidi ni pale ambapo mtu huenda kutafuta nafuu. Zahanatini mizani huwekwa ukumbini, na kilo hutajwa kwa sauti mbele ya foleni nzima. Kisha huja mkanda wa kupimia presha, nao aghalabu ni wa saizi moja tu; ukilazimishwa kwenye mkono mnene, hutoa kipimo kilicho juu kuliko presha yenyewe, na mgonjwa hukaripiwa, pengine huandikiwa dawa, kwa taksiri ya kifaa. Aliyekuja na maumivu ya goti huambiwa akapunguze mwili, na goti lenyewe halijaguswa.

Ama kwenye steji ya matatu, huko hakuna hata udhuru wa utabibu. "Mama, wewe utalipa viti viwili," husema kondakta, na abiria hucheka. Tangu kanuni za mwaka 2004 matatu ndogo ni za abiria 14, kila mmoja na kiti chake. Lakini kizuizi cha polisi kikishapitwa, kondakta yuyo huyo huwabana wanne katika viti vya watatu wala hamwulizi mtu kilo zake.

Wako wasemao kwamba fedheha ni dawa, na kwamba kumstahi mnene ni kumwachia afe kwa kisukari. Maradhi hayo ni ya kweli, na tabibu ayanyamaziaye amekhini kazi yake. Hata hivyo wataalamu wa nchi mbalimbali, katika tamko lao la pamoja lililochapishwa na jarida la Nature Medicine mwaka 2020, walieleza kuwa istihizai humdhuru mnene mwilini na moyoni, na humfanya aikimbie hospitali. Basi dawa hiyo humwondoa mgonjwa mikononi mwa daktari.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa misingi yoyote, na hali ya afya imetajwa humo waziwazi. Sidhani kwamba kesi ya kilo itafika mahakamani Kisii hivi karibuni, wala sioni haja, kwani zahanati zimo mikononi mwa serikali za kaunti tangu 2013, na mkanda mpana wa presha si mali ya anasa. Pazia la kuzungushia mizani nalo hushonwa na fundi yeyote wa soko la Daraja Mbili mjini Kisii.