Kabla ya kuchagua ukumbi, muombe akupeleke Jozani



Mfunguo mosi umeingia na simu yangu imejaa maswali: ukumbi gani, piko nani anachora vizuri, fungate twende wapi. Leo sijibu hata moja. Nina langu la kusema, na najua baadhi yenu mtanicheka. Biharusi, katika yale mnayokubaliana na mwenzio kabla ya ndoa, tia na hili: kila msimu mtakwenda kutembea msituni kwa miguu, saa moja tu, na watoto wakija mtawabeba.

Mama yangu kazaliwa Ng'ambo, kaolewa Ng'ambo, kazaa sita. Jozani ni kama kilomita 35 kutoka mjini, na daladala ya Makunduchi inapita mlangoni. Aliingia mara ya kwanza akiwa na miaka 63, nilipompeleka mimi, magoti yameshachoka. Tulikwenda mwendo wa kobe. Kima punju walipoanza kuruka juu ya vichwa vyetu, alishika mtandio wake akacheka mpaka machozi. Tulipokuwa tunarudi akaniuliza, "Kumbe siku zote ilikuwa hapa hapa?"

Sikuwa na la kumjibu. Baba si mtu mbaya, na hakuna aliyemkataza. Hakuna tu aliyesema twende, na yeye aliona haya kusema.

Ndiyo maana nasema liombwe mapema, wakati bado anakusikiliza!

Najua watakaosema mke wa mtu hazururi porini. Lakini sote tumefundishwa kisa cha Mtume (s.a.w.) kushindana mbio na Bi Aisha (r.a.) safarini: mara ya kwanza Bi Aisha akashinda, na baadaye, mwili wake ulipoongezeka, akashindwa. Kisa hiki tunakipenda sana kwenye mawaidha ya ndoa. Mawaidha yakisha, bwana anakaa barazani na bibi jikoni.

Wengine wananiambia kule kuna watalii na nguo zao. Ni kweli wapo. Nendeni asubuhi mlango unapofunguliwa, mtoke kabla ya adhuhuri. Tukisusa, msitu utakuwa wao kweli. Kima punju ni wa visiwa hivi tu, duniani kote hawapatikani kwengine. Mtoto wa Kizanzibari kuwajua kwa picha ya fulana inayouzwa kwa wageni ni aibu yetu, si yao.

Kwa wenye watoto wadogo au mimba, kipupwe ndiyo wakati wake: hakuna joto na njia ni kavu. Vuli kuna mbu, basi mikono mirefu na mafuta ya kujipaka. Jua la kaskazi likiwa kali, kivuli cha mitondoo kinatosha, au vukeni barabara muende Pete kwenye daraja la mbao linalopita kati ya mikoko. Maji yakitoka watoto watahesabu kaa, yakijaa watatazama samaki.

Mimi lakini napenda masika, na hapa tutagombana. Jozani maji yako karibu sana na uso wa ardhi, kwa hiyo mvua zikishika njia inakuwa rojorojo na mahali pengine inazama kabisa. Vaa suruali pana ndani, pandisha buibui, na ndara za shanga ziache nyumbani. Raba tu. Mwaka wetu wa pili wa ndoa, mimi na mume wangu tulikuwa hatuna mazungumzo ila bili ya umeme na nepi. Tukaenda masika, yeye mbele ananishika mkono kwenye tope, na pale pale akaanza kunieleza mambo ya kazini yaliyokuwa yakimtesa tangu Ramadhani. Nyumbani nilikuwa nimeuliza mara ngapi! Mkitembea hamtazamani usoni, na wanaume wetu wengine maneno huwatoka hivyo tu.

Nauli ikiwa shida, Masingini ipo karibu na mjini. Na nyinyi wa Pemba hamna kisingizio, mna Ngezi, na mna popo wenu ambao sisi Unguja hatunao. Chukueni chupa ya chai na maandazi, lakini kima msiwalishe hata wakikusogeleeni. Wao wana majani yao, na makaa pia wanakula, waulizeni wanakijiji wa karibu. Wanasema wataalamu makaa huwapunguzia sumu ya majani ya mkungu na mwembe.

Gharama yake haifiki hata maua ya meza moja ya ukumbini.

Mama amesema kipupwe hiki, in shaa Allah, tumpeleke na kwenye mikoko. Raba ameshanunua, na kila jioni anazivaa uani kuzizoea.