Jino ikitoshwa, kampuni haikurudishii: sababu gani sendika zinapashwa kuomba detartraji

Mwaka moja tulikuwa tunatayarisha karatasi ya maombi ya batumikaji, mbele ya kukutana na bakubwa ba kampuni. Tulikuwa delege saba mezani. Tuliandika mushahara, transporti, mufuko wa bunga, masomo ya batoto, boti na kaske. Mwenzetu moja, mutu wa usini, akasema: "Tutie na mambo ya meno." Tulicheka bote. Na mimi nilicheka. Mambo ya meno haikuandikwa.

Leo niko na mapengo tatu upande wa chini. Meno ile haikuoza. Ilikuwa mizima, haina tundu, lakini ilianza kutikisika kidogo kidogo, mupaka munganga akasema hakuna tena kitu chenye kuishika. Ilitoshwa moja moja, bila mimi kulipa kitu, ku lupitalo yenye kampuni yangu ya wakati ule ilikuwa inatutuma. Nilipouliza nani atalipa meno ya kutia pa nafasi yake, nikajibiwa: "Ile ni mambo yako." Nilikasirika, nikafikiri kama bananiibia haki yangu. Kisha nikaenda kusoma sheria, nikaona kama baliniambia kweli.

Njo maana naandika leo. Mu karyeri na mu usini zetu, tunapigania vidole, macho na mapafu, na ni vizuri. Lakini kinywa tunaiacha mupaka siku ya maumivu. Na siku ile, mara nyingi, tunakuwa tumekwisha kuchelewa.

Tartari ni nini

Kila siku juu ya meno inajipakaa kitu laini, ya kutelezateleza. Ni vidudu vingi sana vinavyoishi pamoja na mabaki ya chakula. Ukipiga meno brosi vizuri, inatoka. Ukiiacha, chumvi za mate, zaidi ya yote kalisi, zinaingia ndani yake na kuigeuza kuwa ngumu sawa jiwe. Ile jiwe njo tartari. Inaweza kuanza mu siku chache tu. Sisi bachimbaji tunajua namna mawe inajengwa pole pole mu maji: ni karibu kazi ile ile, lakini inafanyika mu kinywa.

Chukua kioo, angalia nyuma ya meno ya mbele ya chini, upande wa ulimi. Pale karibu kuna mifereji ya mate, njo sababu tartari inapenda pale. Inapenda tena upande wa inje wa magego ya juu. Kama unaona rangi ya manjano ao ya kahawia, na ukipitisha ulimi unasikia mukwaruzo, iko. Na ikishakuwa jiwe, hakuna brosi, hakuna makala, hakuna ndimu yenye kuitosha. Makala inakwaruza jino, ndimu inakula jino, lakini tartari inabakia.

Tartari yenyewe haiume. Ubaya wake ni kama inakuwa nyumba ya vidudu vingine, karibu kabisa na nyama ya meno. Nyama inavimba, inakuwa nyekundu, inatosha damu wakati ya kupiga brosi. Bengi banasemaka: "Brosi hii ni ngumu", banaacha kupiga meno brosi, na hali inazidi. Kama mutu anabakia vile miaka na miaka, vidudu vinashuka chini, nyama inaachana na jino, na mufupa wenye kushika jino unaanza kuisha. Mufupa ule haurudi wenyewe. Jino inaanza kutikisika sawa muti wa galeri wenye kuondolewa udongo ku mizizi.

Haiko ugonjwa ya batu kidogo. Mu ripoti yake ya mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani (OMS) ilihesabu kama karibu batu miliari 3,5 duniani biko na ugonjwa fulani ya kinywa, na kama bagonjwa batatu juu ya bane banaishi mu inchi zenye feza ya katikati. Ugonjwa kali ya nyama ya meno peke yake inapita watu miliari 1. Tena inasikilizana vibaya na magonjwa ingine. Mutu wa diabeti anaumizwa zaidi na ugonjwa ya nyama ya meno, na ugonjwa ile inafanya sukari yake iwe nguvu kushusha. Mutu wa tumbako naye anapoteza meno mbiyo zaidi, na nyama yake inaweza hata kukosa kutosha damu, anafikiri kama iko salama.

Detartraji na woga yetu

Detartraji ni kusafisha ile mawe kwa munganga wa meno. Anatumia vyombo vya mukono vyenye ncha, ao mashine yenye kutetemeka mbiyo sana na kutupa maji. Tartari inavunjika, inatoka. Kisha anapitisha brosi ya mashine juu ya meno iwe laini, vidudu visipate tena pa kushikama mbiyo.

Batu banaogopa. Banasema: "Detartraji inaregeza meno." Nimesikia maneno ile hata kutoka kwa bakubwa ba sendika. Ukweli ni huu: mutu mwenye kuchelewa sana, meno yake inashikwa na tartari sawa vile matofali yenye kushikwa na matope. Ukitosha matope, unaona wazi kama ukuta ulikuwa umekwisha kuregea. Munganga hakuiregeza, alikuonyesha tu hali yake. Kisha, siku chache, meno inaweza kusikia baridi ya maji, na nyama inaweza kutosha damu kidogo. Inapita.

Lakini kuna woga moja yenye iko ya haki: vyombo vichafu. Chombo chenye kuguswa na damu ya mutu moja kinapashwa kupita mu mashine ya kuua vidudu kwa mvuke mbele ya kuingia mu kinywa ya mwingine, juu ya epatiti B na SIDA. Muulize munganga bila haya: "Vyombo hivi vilipita mu otoklavi?" Munganga muzuri hatakasirika. Na yule wa soko mwenye kusafisha meno kwa asidi ao kwa koleo, muache.

Sheria inasema nini

Sasa tufike pa neno lenyewe. Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002 inalazimisha kila mwajiri, mutumikaji akigonjwa, atoe matunzo kwake na kwa jamaa yake: munganga, operesheni, dawa, lupitalo, na meno. Ndiyo, meno imeandikwa wazi. Lakini soma mbele. Mahali sheria inataja miwani na viungo vya kutengenezwa, inasema kama meno ya bandia haimo.

Tia mambo ile mbili pamoja. Kampuni inalazimishwa kutunza jino yako. Inaweza kuitosha kwa bei yake. Lakini siku imetoka, kampuni hailazimishwi kukurudishia ingine. Kwa mwajiri, kutosha jino ni njia fupi: saa moja, sindano moja, na dosie inafungwa. Kwa wewe, dosie inafunguka siku ile: unakula bukari upande moja, nyama unaikata kwa kisu, na feza ya bandia inatoka mu mushahara. Banasemaka: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mu mambo ya meno, ufa unaweza kuzibwa na kampuni, lakini ukuta utaujenga peke yako.

Njo maana detartraji haiko mambo ya uzuri ya batu ba mujini. Ni sehemu ya matunzo ya meno, na inapashwa kusomwa vile. Kunakuwa bakubwa benye kujibu: "Sheria inaongelea ugonjwa, na detartraji ni usafi." Hapa delege anapashwa kujua ya kusema: nyama ya meno yenye kuvimba na kutosha damu ni ugonjwa, iko na jina mu vitabu vya banganga, na detartraji njo mwanzo wa matunzo yake. Kama konvansyo kolektivu inataja "matunzo ya meno" bila kuyafafanua, tuombe iandikwe wazi: kuangaliwa, detartraji, kuziba tundu, na kutosha pa mwisho. Kwa mupango ule, si kinyume.

Bazee bengi banakumbuka wakati ya Union Minière na ya Gécamines, wakati lupitalo ya kampuni ilikuwa ya jamaa nzima, kutoka mutoto mupaka bibi. Kisha Gécamines ilianguka, na mu mwaka 2003 batumikaji karibu 10.000 balitoka kwa "départ volontaire". Leo bengi mu sisi tunatumika kwa sous-traitance, kontra ya miezi, lupitalo ya kuandikiana tu. Ndugu wa sous-traitance, jua kama Code du travail haibague: mwajiri wako, hata mudogo, iko chini ya sheria ile ile. Uliza liste ya matunzo yenye balipatana na lupitalo. Kama ku mustari wa meno kunaandikwa paka kutosha, lete karatasi ile kwa delege.

Moshi ya asidi ni mambo ingine

Batu ba usini ya elektrolizi, mwenye kusoma, simama kidogo hapa. Pale shaba inatengenezewa, mvuke ya asidi sulfuriki inapanda hewani. Inajulikana tangu zamani kama asidi ile inakula meno ya mbele, zaidi kwa mutu mwenye kupumua kinywa wazi. Meno inakuwa fupi, nyembamba, ncha inavunjika. Ile haiko tartari, na detartraji haitaiponya. Dawa yake ni kupunguza mvuke pale inatoka: mipira juu ya vyombo, vifuniko, hewa yenye kuvutwa vizuri, na maski ya kweli. Delege asikubali babadilishane: "Tunabapa detartraji, muache mambo ya hewa." Ni maombi mbili, na kila moja iko na karatasi yake.

Na sisi ba posti ya usiku tujiangalie. Chai ya sukari nyingi, vinywaji vya nguvu, biskwi saa nane ya usiku, kisha usingizi bila kupiga meno brosi: pale tunajilisha vidudu wenyewe.

Tuombe nini, bila kupitisha

Kuna mutu atasema: tuombe detartraji mbili kwa mwaka kwa kila mutu. Mimi sikubali, na nitasema sababu. Mu mwaka 2018, bachunguzi ba Cochrane balitazama utafiti uliofanywa Uingereza juu ya batu bakubwa benye kuona munganga wa meno kila mara na benye habana ugonjwa kali. Mu miaka 2 mupaka 3, kusafishwa kwa tarehe za kupangwa hakukuleta tofauti kubwa ku nyama ya meno, kulinganisha na bale benye habakupangiwa. Mwajiri mwenye wakili muzuri ataleta utafiti ule mezani.

Tusiukimbie. Unatufundisha kitu: detartraji haiko dawa ya kalenda, ni dawa ya mutu mwenye anaihitaji. Lakini bale ba Uingereza balikuwa na munganga wa kubaangalia kila mara. Sisi tuko na batu ba miaka 45 benye habajafungua kinywa mbele ya munganga wa meno hata siku moja. Kwa hiyo maombi yenye kusimama ni haya:

Kwanza, kinywa kiangaliwe mara moja kwa mwaka, siku ile ile ya vizite medikali. Kioo na taa, dakika chache.

Pili, mwenye munganga anamuandikia detartraji, kampuni ilipe, na kwa bibi ao bwana na batoto vilevile. Mwanamuke mwenye mimba apite mbele, juu wakati ule nyama ya meno inavimba mbiyo, na detartraji haikatazwe kwake.

Tatu, mwenye diabeti na mwenye meno yenye kutikisika barudi kila mara munganga anasema.

Ine, kama jino ilitoshwa bila munganga kuandika sababu gani haikuweza kuponyeshwa, delege aombe maelezo.

Ndugu zetu ba creuseurs habana mwajiri wa kushitaki. Lakini Code minier ya 2018 inalazimisha makampuni kutosha 0,3 % ya feza yenye banauzisha kwa ajili ya maendeleo ya batu benye kuishi karibu na mine. Tunaona ile feza inajenga salle, barabara, masomo. Ku mikutano ya kuchagua miradi, nani anaomba kiti moja ya munganga wa meno, mashine moja na otoklavi moja kwa sentre ya santé? Hata mara moja sijasikia. Mama ba mitaa, ninyi munajua kuongea ku mikutano ile kupita sisi.

Na ku nyumba, kazi yetu inabakia: brosi mara mbili kwa siku na dawa yenye fliori, usiku usikose, brosi iwe laini, ipite pale nyama na jino vinakutana. Damu ikitoka usiache, endelea pole pole; kama siku kumi na ine zinapita na damu ingali inatoka, enda kuona munganga. Detartraji bila brosi ni kufagia nyumba na kuacha mulango wazi mbele ya vumbi ya karyeri.

Mwenzetu wa usini yule, tuliyemucheka, alikwisha kupumzika kazi. Anatafuna bukari yake na meno yake yote. Mara ingine karatasi ya maombi ikifunguliwa, nitaandika mustari wake mimi mwenyewe, na ninaomba delege wengine baandike wao vilevile.